Fundi Waya wa Bonde la Baridi

Fundi Waya alifika bondeni amevaa kandambili, na hilo peke yake liliwapa wenyeji mazungumzo ya mwezi mzima.

Alitoka tambarare, nchi ya joto, ambako mtu hulala dirisha wazi na bado akaamka shuka limelowa jasho. Kazi yake ilikuwa kujenga na kukarabati uzio wa seng'enge, na ranchi moja kubwa ya ng'ombe huko milimani ilimwita aje kuziba mapengo kwa msimu mmoja. Msimu mmoja tu, aliwaapia ndugu zake. Lori la maziwa lilimpandisha kwa barabara iliyojisokota kama utumbo wa mbuzi, na kabla hawajafika juu alikuwa ameshatapika kila alichokula, na vingine ambavyo hakukumbuka kuvila.

"Usijali, fundi," dereva alimfariji. "Huku juu hewa ni kidogo, kwa hiyo tunavuta kwa zamu."

Bonde lenyewe lilikaa kama sufuria iliyosahauliwa katikati ya milima. Pande zote lilizungukwa na vilele vya mawe, isipokuwa upande mmoja wenye pengo jembamba lililoitwa Mlango. Kila alasiri upepo uliingia kupitia Mlango bila kupiga hodi, ukapekua nyumba za watu, ukaanua nguo zilizokuwa bado mbichi na kuzipeleka kwa jirani. Chini kabisa mto ulizunguka-zunguka kama mlevi anayetafuta kwake, na kandokando yake kulikuwa na majani mazuri kuliko yote. Juu ya majani hayo mteremko wa mawe ulipanda mpaka mahali pa tambarare kidogo, palipoitwa Begani, kwa kuwa mlima ulionekana kama mtu aliyeinua bega kusema, "Sijui mimi."

Siku moja huko ilikuwa na misimu yote. Asubuhi za miezi ya baridi majani yalikuwa meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba inayokatika chini ya kiatu kama biskuti. Adhuhuri jua lilikubambua pua. Alasiri upepo, jioni ukungu. Mtu alivaa koti, akalivua, akalivaa tena, akalivua, mpaka vifungo vikachoka.

Na baridi ya huko ilikuwa na tabia ya maji: ilishuka. Anga likiwa safi, iliteremka polepole kutoka vileleni ikajaa chini ya bonde, kama majani ya chai yanavyotulia chini ya kikombe. Kwa sababu hiyo wafanyakazi walijenga vibanda vyao Begani. Meneja yeye alipenda kuona mto akinywa kahawa, hivyo nyumba yake ilikuwa chini, na asubuhi za sakitu alionekana akimwagia maji ya moto kufuli la geti huku akilitukana kama mtu aliyekosana na shemeji yake.

Fundi Waya alipewa chumba kimoja Begani, na siku ya kwanza ya mapumziko aliamua kupika maharage. Aliyabandika asubuhi. Mchana yalikuwa magumu kama kokoto. Alasiri yalikuwa kokoto za moto. Alikuwa amechuchumaa mlangoni akiyakoroga na kuyasema vibaya, ndipo alipopita mwanamke mmoja na ndoo ya maziwa kichwani. Alikuwa mkamuaji hodari pale ranchini, binti wa Mzee Koti, kiongozi wa wachungaji. Watu walimwita Binti Koti.

"Wewe fundi, hayo maharage unayapika au unayaogesha?"

"Yamekataa kuiva! Maharage ya huku yana laana, dada."

"Maharage hayana kosa. Huku juu maji yanachemka kwa kiburi tu, moto hayana. Funika sufuria, weka jiwe juu ya mfuniko, kisha uwe na subira. Kama huna subira, kula mkate."

Fundi alikuwa na subira. Hakuwa na mfuniko. Binti Koti akaenda, akarudi na wa kwake. "Nakuazima, sikupi," alisema. Baadaye watu walipenda kusema kwamba pale hakuoa Fundi, ulioa mfuniko. Fundi alifuata tu kuurudisha, jioni baada ya jioni, na kila jioni aliusahau.

Shughuli ilikuwa kwa baba mtu. Mzee Koti alikuwa mfupi, mkali, na ndani ya koti la jeshi ambalo hakuna aliyewahi kuona amelivua. Wengine walidai alizaliwa nalo, mkunga akashindwa vifungo.

"Unajua nini kuhusu ng'ombe?" alimuuliza Fundi, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kigoda, jasho likimtoka kwa mara ya kwanza tangu apande mlima.

"Najua ana pembe mbele na mkia nyuma, mzee."

"Na maziwa?"

"Katikati."

"Angalau hajachanganya," mzee alisema, kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, milima yote hii imejaa wanaume wanaojua ng'ombe. Wewe ukaona uniletee wa kandambili?"

"Wanaojua ng'ombe wananuka ng'ombe, baba."

"Na mimi je?"

"Wewe ni baba yangu. Nimeshazoea."

Wakaoana. Msimu uliisha, uzio ukaisha, lori la maziwa likashuka tambarare bila Fundi, na ndugu zake waliposikia walisema amelishwa kitu. Kweli alilishwa: maharage yaliyoiva.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha na majani ya mtoni yakawa yanameta, wachungaji wote waliteremsha ng'ombe wao chini. Kila mtu alijua kwamba chini kuna baridi, lakini ile haikuwa miezi ya sakitu, na majani ya Begani yalikuwa yamegugunwa mpaka mizizi. Mzee Koti naye alitaka kuteremsha majike wenye ndama wachanga, ila asubuhi hiyo alipoinama kufunga kiatu mgongo ulimkamata, akabaki amekunjika kama kisu cha mfukoni.

"Mkwe," aliita kutoka sakafuni. "Kawateremshe wale wenye ndama mpaka mtoni. Hata mtoto anaweza. Fungua geti, piga mluzi, watashuka wenyewe."

Mzee alisahau kutaja kitu kimoja. Kwenye zizi la Begani, mbali na vibanda, aliishi dume mmoja mweusi, shingo nene kama gogo, ambaye wachungaji walimbatiza Hakimu, kwa kuwa hakuwahi kumwachia mtu. Fundi alipofika, Hakimu alikuwa amelala palepale getini, anacheua, anautazama ulimwengu kana kwamba anaandika hukumu.

"Shikamoo, mzee," Fundi alimwambia, kwa heshima zote.

Hakimu hakuitikia. Fundi alijaribu kupita kushoto, Hakimu akainuka. Akajaribu kulia, Hakimu akafukua udongo kwa kwato. Fundi alivua kofia yake nzuri ya ukindu na kuipunga, akikumbuka kwamba mahali fulani duniani watu huwafanyia hivyo madume. Hakimu alisogea, akaichukua mkononi mwake taratibu, akaanza kuitafuna. Basi Fundi akala kona. Alikaa nyuma ya jiwe kubwa akitafakari maisha mpaka jua lilipoegemea milima, kisha akarudi nyumbani.

"Vipi, wametulia?" baba mkwe aliuliza.

"Wametulia kabisa, baba."

Hapo hakusema uongo. Walikuwa wametulia, ila kulekule walikokuwa. Binti Koti alikitazama kichwa cha mumewe. "Kofia iko wapi?"

"Upepo."

Nyusi za mkewe zikapanda.

Kulipokucha bonde lilikuwa jeupe. Sakitu ilikuja bila kujali kalenda ya mtu. Anga lilikuwa limefunguka wazi, na baridi yote ya vileleni ilikuwa imeteremka na kujaa kando ya mto, nzito, imetuama. Wanaume walikuwa wanatembea kwenye malisho bila kuzungumza. Ndama walilala hapa na pale, wamekakamaa kama mbao, na mama zao wakiwasukuma kwa pua wainuke wanyonye. Hapo hakuna aliyefanya mzaha. Mchungaji mmoja, jitu la miraba minne, alikuwa amempakata ndama kwenye mapaja na kumpikicha masikio, ingawa kila mtu aliona kwamba ameshakufa.

Mzee Koti alishuka amekunjika vilevile, fimbo mkononi, akitafuta wa kwake. Hakumwona hata mmoja. Alizunguka kichaka hiki na kile, akaanza kulia kwa sauti. "Hata mizoga sijaachiwa!"

"Baba," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Hebu twende juu."

Walipofika Begani jua lilikuwa limeshafika zamani. Ndama walikuwa wananyonya, vijimkia vinatikisika, na wawili walikuwa wanapigana vichwa. Hakimu alisimama getini na uzi wa ukindu ukining'inia mdomoni.

Fundi akafungua mdomo kueleza. Lakini Mzee Koti alikuwa ameshamkumbatia, akamzamisha uso ndani ya lile koti lililonuka moshi, maziwa na miaka. "Mkwe wangu alisoma anga!" alipaza sauti wachungaji wote wasikie. "Mimi nikamwambia teremsha, yeye akaangalia juu, akanyamaza, akawaacha! Sisi wazee ni vipofu!"

Na kwa kuwa mdomo wa Fundi ulikuwa umejaa koti, hakusema kitu. Alipotolewa, wakati ulikuwa umepita.

Kuanzia hapo watu walimjia. Mmoja alitaka kuanika majani ya akiba, mwingine ana safari, mwingine anafua mablanketi. Mwanzoni Fundi aliona haya, lakini sifa ni kama blanketi lenyewe: ukishajifunika, kutoka ni kazi. Alianza kulowesha kidole na kukiinua kwenye upepo. Alifumba jicho moja. Kisha akasema, "Mmh." Hiyo "Mmh" kila mtu aliitafsiri atakavyo, na waliobahatika walirudi na mayai. Akibanwa zaidi alisema, "Inaweza kunyesha, isipokuwa kama haitanyesha," na watu wakaondoka wakitikisa vichwa kwa kustaajabu.

"Endelea tu," Binti Koti alimwambia akichuja maziwa. "Siku moja hilo anga litakuumbua."

Aliyeudhika zaidi alikuwa mchungaji wa kanisa. Bondeni neno hilo lilikuwa na taabu yake, ukiita "Mchungaji!" nusu ya watu waligeuka, na mbwa wao. Kwa hiyo yule wa kanisa aliitwa Mchungaji wa Watu. Miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiombea mvua na jua, na sasa aliona kondoo wake wanapita mbele ya kanisa na mayai, wakielekea kwa fundi wa seng'enge.

Ndipo meneja alipomwoza binti yake. Sherehe ingefanyika nje, kwenye uwanja wa mtoni, na meneja mwenyewe alipanda Begani kumuuliza Fundi juu ya Jumamosi. Fundi akalowesha kidole. Safari hii, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa meneja, "Mmh" aliiona haitoshi.

"Jua," alisema. "Tena jua la kuchoma. Wekeni kivuli cha turubai, bibi harusi asije akaungua."

Jumamosi jua liliwaka kweli, mpaka bwana harusi alipofungua mdomo kusema "Ndiyo." Wingu lilichungulia Mlangoni, jeusi kama chungu, likaingia na upepo wake, na mvua ya mawe ikaanza. Kwanza punje kama za mahindi. Kisha kama mayai, yale yale aliyokuwa akiletewa Fundi. Turubai lilipasuka kwa kishindo. Keki ilitobolewa mpaka ikawa chujio. Wageni walikimbilia chini ya meza, na bibi harusi akajikuta amebanana huko na Mchungaji wa Watu, ambaye alisema, kwa furaha aliyoshindwa kuificha, "Mbona mimi hamkuniuliza?"

Dhoruba ilipopita, kila aliyetambaa kutoka mafichoni alimtafuta Fundi kwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, nundu mbili kichwani, hana pa kujificha.

"Na huyu mliambiwa na nani kwamba anasoma anga?" Binti Koti alisema akivua beseni kichwani. Sauti yake ilifika kila pembe. "Siku ile alizuiwa na dume! Aliogopa kufungua geti. Kofia yake iko tumboni mwa Hakimu mpaka leo!"

Kisha bibi harusi, nywele zimemlalia usoni, shela imejaa matope, akaanza kucheka. Mumewe akafuata, wageni wakafuata, meneja akacheka mpaka akakaa juu ya keki. Aliyekataa kucheka alikuwa Mzee Koti.

"Dume? Dume gani?" alifoka. "Binti, usiniharibie habari yangu! Nimeisimulia mpaka sokoni. Sasa unataka nizunguke nyumba kwa nyumba kuirudisha?"

Unabii ukaishia hapo. Kwa miezi kadhaa watoto walimwita Fundi "Mmh," naye akaitika, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Lakini meneja, alipomaliza kucheka, alifikiri. Akamwagiza azungushie seng'enge kipande kizima cha Begani, ili ndama wachanga wawe wanabaki huko kila anga linapokuwa safi, iwe miezi ya sakitu au siyo. Hivyo woga wa mtu mmoja uligeuka kuwa utaratibu wa ranchi, jambo ambalo kwa taratibu za wakubwa si geni.

Miaka ikapita. Fundi na mkewe walipata mabinti, wote wana mdomo wa mama yao. Yeye mwenyewe alinunua viatu. Mzee Koti alizeeka ndani ya koti lake mpaka likabaki kama nyumba yenye mpangaji mmoja. Siku za mwisho, akiwa kitandani, alimwita mkwewe.

"Msinizike kule chini kanisani," alisema. "Maisha yangu yote nimeamka na sakitu kwenye ndevu. Nife halafu bado nisikie baridi? Nipandisheni juu kabisa ya Begani, kule jua linakofika kwanza."

"Kule ni mwamba mtupu, baba."

"Wewe si una mtaimbo? Acha uvivu."

Akafa asubuhi, jua likiwa dirishani. Mchungaji wa Watu alikuja, akatoa pole, kisha akaweka pingamizi. Makaburi yako chini, alisema, na muumini hulala na wenzake.

Binti Koti alimkazia macho yaliyokauka. Tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi. "Mchungaji, mbinguni ni juu au chini?"

"Juu, mama."

"Basi tunampunguzia safari."

Fundi na wanaume wengine walisubiri sakitu iyeyuke, kisha wakachimba. Chini ya shibiri moja ya udongo walikuta jiwe, na chini ya jiwe, jiwe. Mtaimbo ulitoa cheche. Kaburi lilitoka fupi kidogo na pana kupita kiasi, kama kitanda cha wageni, na Fundi alipolitazama alisema angalau koti litapata nafasi.

Walipolibeba jeneza kutoka kanisani kupanda mteremko, ukungu ulishuka mapema. Mtu hakuona hata mgongo wa aliyemtangulia. Walisikia pumzi zao tu, na viatu kwenye kokoto, na nyuma, kadiri walivyopanda, hatua nyingi. Nyingi mno. Mchungaji wa Watu alitiwa moyo. "Marehemu alipendwa," alinong'ona. Akageuka kuwaangalia waombolezaji, na aliyemkaribia zaidi alikuwa na pembe.

Pale ranchini chumvi ya ng'ombe ilipandishwa Begani kwa masanduku ya mbao, mabegani mwa wanaume, na hakuna kitu ng'ombe anakijua vizuri kuliko sanduku la mbao linalopanda mlima. Kundi zima lilikuwa limeacha malisho na kufuata. Walitembea kwa adabu, lazima isemwe. Mmoja tu, jike mzee mwenye doa jeupe, alinyoosha ulimi na kulamba ubavu wa jeneza, taratibu, kutoka mwisho huu mpaka ule.

"Mfukuzeni huyo!" Mchungaji wa Watu alisema.

"Mwache," Binti Koti alisema. "Baba ndiye aliyemzalisha."

Wakazika hivyo, ng'ombe wamewazunguka duara, mvuke wa pua zao ukichanganyika na ukungu. Mchungaji wa Watu alifupisha mahubiri, kwa sababu kila alipotaja neno "chumvi ya dunia" aliona masikio yanasimama.

Msiba una siku zake, lakini kiwele hakijui msiba. Jioni hiyo majike walikuwa wamejaa, wanalia bandani. Binti Koti alivua shuka la matanga, akajifunga kanga, akakaa kwenye kigoda chini ya yule mwenye doa, akaegemeza paji la uso ubavuni mwake. Mikono ikaanza kazi. Fundi alisimama pembeni akisikia maziwa yakigonga ndoo, kisha akasikia yanapungua, na mabega ya mkewe yakaanza kutikisika. Hatimaye alikuwa analia.

Fundi akasogea karibu. Miaka yote hiyo, na bado hakujua mtu huambiwa nini.

"Chuchu ya kushoto bado," alisema.

Binti Koti aliinua uso, umelowa. "Kushoto kwangu au kushoto kwake?"

Fundi akafikiri. "Kushoto."

Mkewe akacheka, cheko la kamasi na machozi, akajifuta kwa ncha ya kanga, akainuka. "Kaa wewe," alisema, na kumsukumia kigoda.

Fundi hakuwahi kukamua. Alikaa, akashika, akavuta. Ng'ombe alimpiga mkia wa uso. Akavuta tena, na hakikutoka kitu.

"Usivute, bana," Binti Koti alisema, ameinama nyuma yake, mkono wake juu ya mkono wa mumewe. "Anzia juu, teremka."

Maziwa yakatoka, uzi mwembamba, ukakosa ndoo ukamwagikia kwenye kiatu.